Jua Linapopatwa, Mtu Hubaki na Nini?

Leo twataka kusema habari za mchezo mmoja wa televisheni wa Marekani. Jina lake Heroes, maana yake Mashujaa. Ulitungwa na Bwana Tim Kring, ukaonyeshwa toka mwaka 2006 hata 2010. Unasimulia watu wa kawaida waliojiona ghafula wana uwezo wa ajabu: mmoja huruka angani, mwingine husimamisha saa, na binti mmoja, Claire, akijeruhiwa hupona mara moja.

Tangu sehemu ya kwanza jua linapatwa, na watu hao, wakikaa mbalimbali duniani, wanalitazama wote pamoja. Hapo mtungaji amejipa ruhusa. Mwezi unapopita kati ya jua na dunia, kivuli chake ni chembamba, nacho hutembea. Tarehe 3 Novemba 2013 kilipita Gaboni, Kongo na Uganda hata Kenya. Kila mahali palingoja zamu yake, wala giza lenyewe halikufika dakika mbili. Tena ninyi watoto, msiwaige watu wa mchezo: jua, hata likifunikwa nusu, huharibu macho matupu.

Lakini yafaa tutazame maana ya ishara ile. Mwaka 2008 giza lilirudi katika mchezo, na safari hii kila mtu alinyang'anywa uwezo wake. Nathan, aliyezoea kuruka, akaanguka toka angani. Claire alijitia mbele ya risasi iliyomlenga baba yake mlezi. Jeraha halikufunga, naye akafa hospitalini. Jua lilipofunuliwa, uwezo ukamrudia, akawa hai tena.

Tuangalie vema. Uwezo wa Claire ulikuwa kama nguo: alivikwa, akavuliwa. Upendo wake kwa baba yake haukuvuliwa. Giza halikuweza kuugusa.

Sisi haturuki angani, ila tuna vyetu vya kujivunia: afya, cheo, fedha, akili ya darasani. Hivyo vyote vyaweza kupatwa siku moja, pasipo kupiga hodi. Baba aliyeheshimiwa kwa mshahara wake tu, mshahara ukikoma, nyumbani ataheshimiwa kwa nini? Tujiulize hayo sasa, mchana ungali mweupe.