Uzee Hautoboi Kahawa

Msimu uliopita, kahawa ya susu wangu kule Kangundo ilikuwa imejaa matundu. Wakati wa kuchagua, debe nzima ikawekwa kando. Anko akaamua hapo hapo: "Mama amezeeka, shamba limemshinda. Tung'oe kahawa, tukate ploti."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kumwonyesha mtu. Lakini niko na simu, bando na wembe. Nikapasua tunda moja.

Ndani kulikuwa na kadudu keusi, hata milimita 2 hakafiki. Jike hutoboa tunda na kutaga humo. Watoto wanakula kahawa wakiwa ndani, kaka wanapanda dada zao, kisha majike yanatoka yakiwa tayari kutaga kwingine. Dawa ya kupuliza itawafikia wapi?

Sasa skia. Kalenda ya haka kadudu ni joto. Chini ya nyuzi 15 hivi, hakakui. Juu ya 32, kanashindwa pia. Katikati hapo, joto likipanda kidogo, yai linakuwa mdudu mzima haraka zaidi, na mwaka mmoja unabeba vizazi vingi. Utafiti wa 2009 ulioshirikisha ICIPE ya Nairobi uliangalia Jimma, Ethiopia: kabla ya 1984, baridi haikuruhusu hata kizazi kimoja kwa mwaka. Baada ya hapo, kimoja hadi viwili. Binamu zake wanaomaliza misitu Ulaya kwa kula magome wanafuata hesabu hiyo hiyo.

Kwa hivyo anko, susu amezeeka, sawa, lakini uzee hautoboi kahawa. Analima vile amelima miaka yote. Chenye kimebadilika ni joto.

Na hapa ndipo vijana tunaingia. Huku tunachuma mara mbili kwa mwaka. Katikati ya misimu, kadudu kanajificha kwenye mbuni zilizokauka mtini na zilizoanguka chini. Mgongo wa susu hauwezi kuinamia kila moja. Wetu unaweza. Okoteni zote, mzichome. Kisha pandeni miti ya kivuli, kahawa ipate baridi kidogo.

Jumamosi niliokota debe moja na nusu. Mgongo bado unauma, na hakuna mtu alinilipa. Lakini mbuni zikinishinda mwaka huu, kuna msimu mwingine. Ploti ikishauzwa, hakuna.