Mzimu Hauhitaji Ngome

Likizo iliyopita mjukuu wangu, anayesoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, alinitembelea hapa Morogoro akiwa na daftari lake. Katika ukurasa mmoja alikuwa ameorodhesha sifa za hadithi za Kigothi: ngome ya kale, njia za chini ya ardhi, ukungu, radi, msichana anayekimbizwa, bwana mkatili, mzimu. Chini yake, kwa wino mwekundu, aliandika alivyoambiwa darasani: "Aina hii haimo katika fasihi yetu." Tulikuwa tumekaa barazani. Mbele yetu ukungu ulikuwa umeufunika mlima Lupanga, na Morningside, lile jumba la Wajerumani kule juu, halikuonekana. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa maana neno kama hilo nililisema mimi mwenyewe miaka arobaini iliyopita, tena kwa ukali zaidi.

Orodha za namna hii ni ugonjwa wetu sisi walimu. Tunahesabu vyombo vya nyumba tukidhani tumekwisha kumjua mwenye nyumba. Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764, ngome ilikuwapo, naam, na kofia kubwa ajabu ya chuma ilimponda kijana siku ya arusi yake. Lakini uliza kofia ile ilitokea wapi. Utajibiwa kwamba babu wa bwana wa ngome alimwua mwenye milki kwa sumu akairithi kwa hila, na sasa haki inadaiwa. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza, nayo haijengwi kwa mawe: dhuluma ya wazee iliyofichwa, inayorudi kuwadai wajukuu. Ya pili ni mahali panapoitunza siri hiyo, pawe ngome, pango au chumba kisichofunguliwa. Ya tatu ni hofu inayokua kwa sababu jambo lenyewe halionekani lote. Mary Shelley, mwaka 1818, hakuhitaji hata mzimu: alituonyesha msomi aliyeumba kiumbe, kisha akakikimbia.

Sasa niambie, ndugu msomaji, Uluguru imekosa lipi katika hayo? Pango tunalo. Watu wa Uzaramo walikuwa wakifunga safari mpaka milimani huku kwa ajili ya Kolelo, na jina lake lilitajwa miongoni mwao wakati wa Vita ya Majimaji mwaka 1905. Mnyonya damu tunaye pia. Simulizi za mumiani zilienea Afrika Mashariki nzima wakati wa ukoloni. Kenya walisema ni wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliziandikia kitabu kizima mwaka 2000, wala hakuzicheka. Tena dhuluma tunayo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao wenyewe, mpaka ghasia zikatokea Matombo mwaka 1955. Mtu aliyechimbishwa kwa nguvu pasipo faida akisimulia kwamba kuna watu wanaonyonya damu, je, kweli hajui anachokisema?

Niungame sasa. Katika miaka ya themanini, nilipokuwa mkuu wa shule, kabla sijapelekwa chuo cha ualimu, kijana mmoja wa milimani aliniandikia insha. Ilimhusu mjomba aliyehamisha mpaka wa shamba la marehemu, na tangu hapo kila usiku wa mvua kikohozi cha marehemu kikasikika migombani, kila siku hatua moja karibu zaidi na mlango. Marehemu haonekani hata mara moja. Mwishoni mjomba anatoka gizani na jembe, anarudisha mpaka mahali pake, na kikohozi kinakoma. Nilimpa sifuri. Nikaandika pembeni: "Ushirikina!" Nikamwita mbele ya wenzake, nikaisoma kwa sauti ya kejeli. Kijana hakuandika tena ila kwa kunakili. Sifa zote tatu zilikuwamo katika kurasa zake mbili, na mimi, niliyejidai kuijua fasihi, nilikuwa naitafuta ngome.

Wapo watakaonijibu kwamba hadithi hizi ni hatari. Hoja yao ni nzito, wala siidharau. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na kundi la watu waliowadhania kuwa wanyonya damu. Watu watatu, bila kosa lolote! Lakini waliowaua hawakuponzwa na riwaya. Waliponzwa na uvumi, na uvumi ni hadithi isiyo na mwandishi wa kuulizwa, isiyo na ukurasa wa mwisho. Dawa yake si kuifukuza hofu darasani ikaishi vichochoroni. Dawa ni kuifungua mezani, mtoto aone jinsi inavyoundwa: nani amefichwa, nani anafaidika, kwa nini taa imezimwa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilifahamu hilo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mizimu, lakini Bwana Msa hashtuki. Anauliza maswali mpaka mkono wa binadamu unaonekana. Ann Radcliffe wa Uingereza alifanya vivyo hivyo mwaka 1794 katika The Mysteries of Udolpho: alitutisha kwanza, kisha akatueleza. Basi nani kasema aina hii haimo kwetu?

Mjukuu wangu alifuta mstari ule mwekundu. Nami nawasihi walimu wenzangu mlio bado kazini: mtoto akikuletea mzimu katika insha, usimpige sifuri. Muulize mzimu huo unadai nini, na kwa nani. Mara nyingi utakuta kuna mpaka wa shamba uliohamishwa. Yule kijana wangu ningemwomba radhi leo, lakini sijui aliko. Kikohozi chake nakisikia kila mvua inaponyesha.