Mizinga ya Sagalla na Setilaiti ya Milioni 50

Mkulima wa Sagalla, jirani na Voi, hana pesa za uzio wa umeme. Hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, mmoja kila baada ya mita kumi hivi, na kuiunganisha kwa waya. Ndovu wa Tsavo akiugusa waya usiku, mizinga hupepesuka, nyuki hutoka na hasira zao, na jitu la tani tano hugeuza njia. Kasoro zipo: ukame ukizidi, nyuki huhama. Lakini waya ukikatika, mwenye shamba huunga mwenyewe.

Wakubwa wa Nairobi wanaozungumzia anga za juu wangefika Sagalla kwanza, wajifunze.

Kazi ya anga kwa vifaa vya bei nafuu si ngeni Pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka majukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la sikukuu ya siku hiyo: Uhuru. Roketi yake, Scout, ilikuwa kibete mbele ya Saturn V iliyowapeleka Wamarekani mwezini. Hata jukwaa la kuiongozea, Santa Rita, hapo awali lilikuwa la kuchimbia mafuta. Hata hivyo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapewa Nobel mwaka 2002.

Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilifuata njia iyo hiyo. Ilipanda tarehe 15 Aprili 2023, abiria miongoni mwa abiria wengi ndani ya roketi ya Falcon 9, kwa gharama ya takriban shilingi milioni 50. Landsat 8 ya serikali ya Marekani ilimeza zaidi ya dola milioni 800.

Lakini haki itendeke. Picha za Landsat hutolewa bure tangu 2008, na picha za setilaiti ndizo zinazowawezesha watafiti kufuatilia misitu ya milima ya Taita inavyopungua. Aliyelipa mamilioni hayo ni mlipa kodi wa Marekani, si wa Mwatate. Tatizo ni kwamba Landsat 8 hurudi juu ya Taita kila baada ya siku 16. Ikikuta kilele cha Vuria kimejifunika mawingu, basi ni kungoja tena. Ndovu hangoji.

Ndiyo maana ndoto ya wakubwa hao ya kituo kikubwa cha kurushia roketi ingesubiri. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka angani kijisetilaiti cha sentimita kumi kila upande. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilicho jirani na Tsavo, nacho kipewe nafasi ya kujaribu, hata kama cha kwanza kitazimika. Vijisetilaiti hivyo vikiwa vingi, vikipishana kila siku, mkulima wa Sagalla anaweza kupata ujumbe kwenye simu yake: bwawa la Aruba huko Tsavo limekauka, ndovu watatafuta maji, kagua waya leo.