Mwingereza naye alikopi

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wanaonifahamu wanajua nina BSA Bantam, ile D1 ya babu, ya kijani kilichopauka. Babu aliinunua enzi za mkoloni, baba akaiacha stoo chini ya magunia, nami nilipoanza kazi gazetini nikaifufua kwa mishahara mitatu ambayo mama hajanisamehe mpaka leo. Ni pikipiki ndogo tu: cc 123, gia tatu, petroli unaichanganya na oili mwenyewe. Lakini ukiipitisha Mtaa wa Uhuru Jumapili asubuhi, Kariakoo ikiwa bado imelala, wazee wanasimama kukupungia mkono. Raha yake usipime.

Sasa Jumamosi iliyopita ikanizimikia Msimbazi, saa tano asubuhi, katikati ya mikokoteni na machinga. Piga kiki, piga kiki, wapi! Dogo mmoja wa bodaboda akasimama. Hakuniuliza hela. "Kaka, panda ushike usukani." Akaweka mguu wake pale abiria anapokanyaga, akanisukuma na Boxer yake hadi Gerezani kwa fundi wangu.

Kwa fundi tukawakuta wazee watatu kwenye benchi. Badala ya kumshukuru kijana, mmoja akaicheka Boxer yake: haya makopo ya Wahindi na Wachina, pikipiki alitengeneza Mwingereza bwana! Wenzake wakaangua kicheko. Dogo akatabasamu, akawasha, akaondoka. Mimi nikanyamaza, na hicho ndicho kinachoniuma.

Basi shikamooni wazee wangu, ngoja niseme sasa.

Hiyo Bantam mnayoisujudia hakuibuni Mwingereza. Ilichorwa Ujerumani, mji wa Zschopau, ikaingia sokoni 1939 kwa jina la DKW RT 125. Mjerumani aliposhindwa vita, michoro ikachukuliwa kama fidia. BSA wa Birmingham wakaigeuza kama unavyojiona kwenye kioo, ili gia ije mguu wa kulia walikozoea wao, wakaanza kuiuza 1948. Mrusi naye akatoa yake. Harley-Davidson wakatoa yao. Hata pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ni mtoto wa mama huyohuyo. Kopi tupu! Akikopi Mchina ni feki, akikopi Mwingereza ni urithi?

Na huo uimara mnaousimulia, niulizeni mimi ninayeipanda. Breki zake unaziomba, huziamuru. Usiku ukipunguza mwendo na taa inafifia, unabaki kumtegemea Mungu na taa za daladala. Bantam iliacha kutengenezwa 1971, na miaka miwili baadaye BSA yenyewe ikamezwa na wenzake. Jina lake lilinunuliwa 2016 na kampuni iliyo chini ya Mahindra wa India. Royal Enfield? Zinaundwa India tangu 1955. Triumph je? Zile za daraja la cc 400 zilizotoka 2023 zinatengenezwa na Bajaj. Ndiyo wazee, Bajaj huyohuyo wa Boxer mliyoiita kopo.

Mwacheni Mwingereza apumzike. Bantam yangu inatembea kwa sababu ya mtu aliyekuwa amechuchumaa mbele yenu wakati mnacheka. Nati zake hazikubali spana za milimita, wala za inchi za kawaida. Zinataka kipimo cha kale cha Kiingereza ambacho hata dukani sijakiona. Fundi wangu ana spana kuukuu alizozipiga tupa mwenyewe, moja moja, mpaka zikakaa. Siku ile aliligundua tatizo kwa kunusa tu plagi na kuzungusha injini kwa mkono: kondensa imekufa. Akafunga ya gari bovu lililokuwa uani, kiki ya pili ikawaka. Elfu kumi, na soda juu yangu.

Na waya wa klachi aliounga mwaka jana, ambao unanifikisha kazini kila siku? Ni wa Boxer.

Yule dogo sikumuuliza jina. Ana helmeti nyekundu yenye ufa na anapaki pande za Msimbazi. Anayemfahamu amwambie yule kaka wa pikipiki ya kijani anamtafuta. Ana deni la supu na chapati, na la maneno ambayo alipaswa kuyasema siku ile mbele ya wazee.