USIVUTE GARI KWA BAMPA

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huleta neema katika mashamba ya Mbarara na Isingiro, lakini huwaletea madereva taabu. Mtu aliyetoka Biharwe kwa raha juu ya lami ya barabara kuu itokayo Masaka, akapita Mbarara na kuelekea Nakivale, makazi yaliyopokea wakimbizi tangu kiasi cha mwaka 1960, hujikuta katika njia za udongo zenye utelezi. Pikapu iliyosheheni mahindi, magodoro na jamaa huzama mpaka ekseli. Hapo ndipo huulizwa swali lililopaswa kuulizwa kabla ya safari: kamba ifungwe wapi?

Wengi huifunga kwenye bampa. Hilo ni kosa. Bampa limeundwa kupokea migongano midogo, si kuhimili mvuto wa tani kadhaa. Wengine huifunga katika vitanzi vidogo vilivyo chini ya pua ya gari. Katika magari mengi yatokayo Japani, vitanzi hivyo viliwekwa ili gari lifungwe lisisogee melini. Havikukusudiwa kulinasua matopeni.

Dawa ni kulabu mbili za chuma kilichofuliwa, moja kushoto na nyingine kulia, zifungwe katika fremu yenyewe ya gari. Mbili ni bora kuliko moja, kwa sababu mvuto wa upande mmoja huweza kuipinda fremu. Pikapu ya kawaida ikipakia hufikia karibu tani 3, na matope huongeza uzito wa kuivuta. Kwa hiyo kila kulabu iwe na kipimo kisichopungua kilo 4,500, kilichopigwa chapa juu ya chuma chake. Isiyo na chapa iachwe dukani.

Askari mwenye haraka huenda akamwambia fundi, "Chomelea tu, fundi, kesho narudi kazini." Fundi mwelevu atamjibu, "Afande, moto hulegeza chuma hiki. Subiri nifunge kwa bolti." Naye atakuwa amesema kweli. Kila kulabu ipate bolti mbili, zenye namba 8.8 au zaidi kichwani, pamoja na washa nene na nati zisizolegea. Kwanza yatafutwe matundu yaliyotobolewa kiwandani. Kutoboa ovyo hudhoofisha fremu. Kutu ikwanguliwe, chuma kipakwe rangi, na baada ya kuvuta mara ya kwanza bolti zikazwe upya.

Kulabu njema bila adabu ya kuvuta si kitu. Abiria washuke, mzigo upunguzwe, na matope yachimbuliwe mbele ya magurudumu. Kamba ipitishwe katika kulabu zote mbili, na gari livutwe kwa kunyooka, polepole, bila kushtua. Kamba ya waya itandikwe blanketi zito katikati, ili ikikatika isiruke mbali. Mnyororo haufai kwa kuvuta kwa kishindo, kwa maana haunyumbuki, na pingili moja ikikatika nguvu yote hurudi kwa ghafla.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni watu. Gari likwamapo, watoto hukimbilia kutazama na vijana husimama kando ya kamba wakishangilia. Askari ajuaye mwendo wa risasi hahitaji kufundishwa: chuma kilichong'oka wakati kamba imekazwa hakichagui wa kumpiga. Dereva asitie gia kabla ya kila mtu kusogea mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, wala asiruhusu mtu yeyote kuivuka. Mama wa nyumba naye ana amri hapo. Akiwaita wanawe na kuwaweka nyuma ya mti, asionekane mwoga.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta huweza kujengwa tena, lakini jicho la mtoto halirudi. Bolti nne na subira ya asubuhi moja gereji ni gharama ndogo kwa familia itakayofika salama, hata ikifika imechafuka matope.