MASHAURI KWA JAMAA: Karatasi Yenye Jina Lako



Siku moja ku soko la Kirumba nilinunua karanga. Mama alinifungia mu karatasi. Nilipomaliza kula nikaikunjua: kumbe ni fotokopi ya karte ya mpiga kura! Sura ya kijana, jina lake, siku ya kuzaliwa, jina la baba na la mama, asili yake, namba ya karte, yote wazi. Yule mama hana kosa. Yeye alipata karatasi za bei ya chini fasi wanapiga fotokopi. Lakini kijana yule hajui kama jina lake linatembea sokoni pamoja na karanga.

Utasema: karatasi tu, ina neno gani? Fikiri kwanza. Katika inchi yetu karte ya mpiga kura, tangu uandikishaji wa 2005, ndiyo inashika nafasi ya karte ya utambulisho. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Tshisekedi alipewa karte ya kwanza ya utambulisho ya namna mpya, lakini mpango ule haukufika kwetu. Basi kwa karte ya kura unaandikisha simu, unafungua M-Pesa ao Airtel Money, unapita ku bariere. Mwizi akipata fotokopi yake, anaweza kuandikisha simu kwa jina lako na kudanganya watu. Wakishitaki, anayetafutwa ni wewe.

Mdogo wangu, mchimbaji, yalimpata. Aliacha fotokopi kwa muuzishaji wa simu. Kisha akaitwa kujibu juu ya namba asiyoijua, iliyoomba watu makuta. Alipoteza siku tatu za kazi na franka nyingi mbele ya kuaminiwa.

Ninyi wachimbaji mko karibu zaidi na hatari hii. Kwa sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, karte ya mchimbaji ni ya mwaka mmoja tu. Kila mwaka karatasi mpya, na za zamani zinabaki chini kambini. Akina mama nao wachunge karatasi za hospitali: ugonjwa wa mtu si habari ya kufungia mikate.

Sasa tufanye namna gani?

1. Fotokopi isiyofaa, risiti ya makuta, karatasi ya hospitali iliyokwisha kazi: choma mpaka majivu, kisha koroga majivu. Kama hakuna moto, loweka mu maji, ponda iwe kama uji, tupa mu choo.

2. Karte ya zamani ya plastiki usiichome jikoni, moshi wake ni mubaya. Kata kwa makasi katikati ya sura na ya namba, tupa vipande fasi mbalimbali.

3. Fasi ya fotokopi, ondoka na zile zilizoharibika pia. Angalia kama karte yako haikubaki ndani ya mashini.

4. Ukiacha fotokopi kwa mtu, andika juu yake kwa kalamu kazi yake na tarehe: «Ya kuandikisha simu tu.» Hivyo haitatumika kwa kazi ingine.

5. Karte ikipotea, usinyamaze. Omba ofisi ya serkali karatasi ya kushuhudia kama imepotea.

Lakini usichome kwa haraka. Wino wa karte nyingi za 2023 ulifutika, na mwenye kuwa na fotokopi nzuri ana bahati. Chunga moja, pamoja na karatasi za kuzaliwa, diplome na hati ya shamba, mu mfuko mumoja wa plastiki.

Mwezi wa Juni 2024, vita ilipofika Kanyabayonga na Kirumba, wengi walikimbia na watoto mgongoni. Karatasi zikabaki. Na karatasi iliyobaki mu nyumba tupu ni sawa na iliyotupwa njiani. Mwenye mfuko mumoja anaubeba; mwenye kutawanya anaacha jina lake nyuma.

Basi Jumamosi hii, mbele ya kupika chakula cha jioni, ita watoto. Mwenye kujua kusoma asome kila karatasi kwa sauti. Ya kuchunga, mfukoni. Ya kuchoma, motoni. Kazi ni ya nusu saa, na jina la jamaa litabaki nyumbani.