Mambo ya Nyumbani: Kompyuta Isiyokubali Kuzimika



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za vyombo vya nyumbani: jiko na moshi wake, kisima na usafi wake, cherehani na mafuta yake. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya chombo ambacho zamani kilikuwa cha maofisini, na leo kimeingia katika nyumba zetu nyingi, nacho ni kompyuta. Na katika ila zake nyingi tutaeleza moja tu, yaani ile ya kukataa kuzimika. Huenda baadhi ya wasomaji wakasema, "Hilo nalo ni jambo la kuandikwa? Chomoa waya, ukalale." Tunawaomba wasubiri hata wasikie habari ya nyumba moja ya Sumbawanga.

Mwaka jana, katika mwezi wa Julai, tulikuwa wageni katika mji huo. Wanaoijua nyanda ya juu ya Ufipa wanaifahamu baridi yake katika miezi hiyo. Jioni upepo ukianza kuvuma, kila mtu hutafuta blanketi na jiko la mkaa. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu aliyeaminiwa sana na jirani zake. Msimu ule kaya 11 zilikuwa zimeamua kuyakusanya mahindi yao nyumbani kwake, ili yachukuliwe na lori moja na yauzwe kwa bei moja. Wakamwomba Mwalimu awe mwandishi wao. Naye akaandika katika kompyuta yake jedwali la majina, na idadi ya magunia ya kila mtu, na fedha ambazo kila mmoja alikuwa amekwisha kutangulizwa. Malipo yakifika, yangegawanywa kwa kufuata jedwali hilo, wala si kwa kitu kingine.

Basi kompyuta ile, ambayo ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, ilikuwa na ila yake. Kila usiku ilipoamriwa kuzimika, kioo kiliingia giza, lakini feni iliendelea kuvuma na taa yake ndogo kuwaka hata asubuhi. Mjukuu wa Mwalimu, kijana wa sekondari, akajitafutia dawa: akachomoa waya ukutani. Mara ya kwanza halikutokea neno, wala mara ya kumi. Hatimaye akaona kwamba hata kule kuamuru ni kazi bure, akawa anachomoa waya moja kwa moja, kazi zikiwa zingali wazi. Usiku mmoja akauchomoa mara tu babu yake alipoinuka kitini, na kompyuta ilikuwa ingali ikiyahifadhi magunia ya siku ile. Asubuhi jedwali halikufunguka kabisa.

Maneno yakaenea mtaani. Mmoja alisema chombo kimeingiwa na jini, akashauri aitwe mtu wa kukisomea. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu anajua fika magunia yako wapi, ila hataki kusema. Ama habari ya jini, wenyeji hutuambia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Na mji wenye jina kama hilo hauna haja ya kutafuta majini ndani ya feni. Lakini lile neno la pili lilikuwa zito. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi alikuwa amekaa kibarazani, hana la kujibu, na mjukuu wake amejiinamia kando yake akisema, "Babu, nisamehe, ni mimi." Mzee akamjibu, "Hukukosa peke yako, mjukuu wangu. Mimi nilikuona ukifanya hivyo, nikanyamaza."

Sasa yafaa tueleze kuzima kompyuta ni nini hasa, maana wengi wetu hudhani ni sawa na kuzima taa.

Kompyuta hufanya kazi zake katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika mara umeme ukatikapo. Na hutunza mambo ya kudumu katika diski. Tuiamurupo kuzimika, kwanza huziambia programu zote zifunge vitabu vyao. Kisha huyaandika katika diski yale yaliyokuwa bado hayajaandikwa, huzisimamisha huduma zake za ndani, huviaga vifaa vyake kimoja kimoja, na mwisho kabisa hujikatia umeme. Zamani hatua hiyo ya mwisho ilikuwa kazi ya mwenyewe. Waliotumia kompyuta za miaka ya 1990 wanakumbuka maandishi yaliyotokea kiooni kuwaambia kwamba sasa ni salama kuzima, nao wakabonyeza swichi kwa mkono. Muundo wa umeme uitwao ATX, uliotolewa mwaka 1995, na kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba, ndivyo vilivyoeneza desturi ya mashine kujikatia umeme yenyewe.

Wazee wa Ufipa wangelielewa jambo hili bila taabu. Walikuwa wafua chuma mashuhuri, waliojenga matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu, ambayo yalivuta upepo yenyewe bila mivukuto. Na kile kilichopatikana humo walikitia tena katika tanuru dogo ili kisafike. Kazi ile ilikuwa na hatua zake, na aliyebomoa tanuru katikati ya hatua hakupata chuma. Kuchomoa waya ni kubomoa tanuru.

Basi, kompyuta ikikataa kuzimika, maana yake ni kwamba hatua mojawapo haikumalizika. Na dawa ni kuitafuta hatua hiyo. Twashauri mambo haya, kwa utaratibu huu.

La kwanza ni subira. Ikiwa kiooni pameandikwa kwamba mashine inajisahihisha, yaani inapokea marekebisho ya mfumo wake, iacheni. Kwenye mashine nzee kazi hiyo yaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na kuikatiza yaweza kuuharibu mfumo mzima.

La pili, fungeni programu kwa mikono yenu kabla ya kutoa amri. Mara nyingi kizuizi si chochote ila barua isiyohifadhiwa, ambayo programu yake inangoja kuulizwa. Mkibonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, mtaona orodha ya programu zote zinazofanya kazi, na ile iliyokwama mwaweza kuifunga hapo.

La tatu, ondoeni vifaa vilivyochomekwa: flashi, simu, mashine ya kuchapia. Tazameni pia kama kuna karatasi iliyoamriwa kuchapwa na haijachapwa, ifuteni. Kisha zimeni tena. Ikizimika vyema, rudisheni kifaa kimoja kimoja kila siku, hata mkijue chenye kosa.

La nne, na hili ndilo lisilojulikana na wengi. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, Microsoft ilileta namna ya kuzima nusu. Programu za mtumiaji hufungwa, lakini moyo wa mfumo huandikwa katika diski ulivyo, ili kesho mashine iamke upesi. Namna hiyo imo pia katika Windows 10 na 11. Ni jambo zuri mashine ikiwa nzima. Lakini kukiwa na kifaa ambacho programu yake ni ya zamani, huenda mashine ikakwama katikati, kioo kikawa cheusi na feni ikaendelea kuvuma. Kuipima ni rahisi: shikilieni kitufe cha Shift huku mkibofya amri ya kuzima, nayo itazimika kikamilifu, au toeni amri ya kuwasha upya, ambayo haitumii njia ya nusu. Ikiwa hayo yafaulu na kuzima kwa kawaida hakufaulu, ingieni katika mipangilio ya umeme, mahali panapoelezwa kazi za vitufe vya kuzimia, mkaondoe alama ya mwanzo wa haraka.

La tano, pateni programu mpya za vifaa vyenu kutoka kwa watengenezaji wenyewe, wala si kutoka kwa kila mtu agawaye. Nao wanaotumia Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

La mwisho, pasipokuwa na njia nyingine, bonyezeni kitufe cha umeme bila kuachia kwa sekunde kadhaa mpaka mashine ife. Hili nalo ni kukata kwa nguvu sawasawa na kuchomoa waya; kwa hiyo lisifanywe taa ya diski ikiwa ingali inamemeteka, wala lisigeuzwe desturi ya kila siku. Likifanyika, iagizeni mashine iikague diski yake itakapowaka tena.

Katika nyumba ya Mwalimu tuliyafuata hayo hayo. Kosa lilikuwa katika ile hatua ya nne: mashine ya kuchapia, ambayo ilikuwa na programu ya miaka mingi, ilikuwa ikikwamisha ule uzimaji wa nusu. Tukaiondoa programu ile, tukaweka mpya, tukauzuia mwanzo wa haraka. Usiku ule kompyuta ikazimika kabla ya dakika moja kupita, na nyumba nzima ikasikia kimya. Kijana alicheka; Mwalimu hakucheka, maana jedwali lilikuwa bado halijapatikana.

Ikakumbukwa kwamba siku tatu kabla ya ajali, Mwalimu alikuwa amempelekea binti yake aliye Mbeya nakala ya jedwali kwa simu, ili amsaidie kuhakiki hesabu. Nakala ikarudishwa, ilikuwa na magunia 112. Lori lilikuwa limepakia magunia 140. Jirani wakaitwa waseme walioleta katika siku zile tatu, nao wakataja jumla ya 22. Magunia sita yakawa hayana mwenyewe, na wale waliokuwa wakinong'ona wakatazamana.

Hapo mke wa Mwalimu akaingia ndani, akarudi na daftari la shule lililochakaa. Kumbe kila mzigo ulipoingia uani alikuwa akichora vijiti kwa penseli, na kando yake jina la mwenye mzigo, kwa kuwa, kama alivyosema, "mimi siiamini kitu inayohitaji waya." Jioni ile ya mwisho vilikuwapo vijiti sita, na jina la mama mmoja mjane akaaye pembezoni mwa mji, ambaye hakuja kikaoni. Akaendewa. Alipoulizwa kwa nini hakudai haki yake, alijibu, "Shikamoo Mwalimu. Nilisikia mashine imekataa. Mimi sijui kusoma. Nikadhani ni jina langu ndilo iliyolikataa, nikaona nisiwasumbue."

Wasomaji wetu, tumeyaona maneno hayo kuwa mazito kuliko mafundisho yote tuliyoyatoa hapo juu. Mjane yule alikuwa radhi kupoteza magunia sita kwa kuamini kwamba chombo kina hukumu. Chombo hakina hukumu. Kompyuta haikatai jina la mtu wala haimfichi mwizi. Hufanya iliyoamriwa, na ikikatizwa huacha kazi nusu. Anayeulizwa ni yule aliyepewa amana.

Waislamu tunajua kwamba aya ya 282 ya Sura Al-Baqara inatuamrisha kuyaandika madeni yetu na kuyawekea mashahidi. Basi kompyuta na iwe mwandishi, lakini isiwe shahidi wa pekee. Hesabu ya watu ikiwa katika mashine, iwe pia katika flashi iliyowekwa mbali na mashine hiyo, na katika karatasi iliyotiwa sahihi au alama ya dole gumba. Tukumbuke pia kwamba umeme wenyewe huweza kuchomoa waya bila kutuuliza. Mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukipata umeme kutoka Zambia na kwa majenereta ya dizeli, na wakazi wake wanajua giza la ghafla ni nini. Mwenye uwezo na anunue betri ya akiba, impe dakika chache za kufunga kazi zake kwa utaratibu. Asiye na uwezo na ahifadhi kazi yake kila baada ya mistari michache.

Na wazee wenye wajukuu twawanasihi jambo moja zaidi. Mkimwona kijana anachomoa waya, msinyamaze kwa sababu mara kumi hakukutokea neno. Mwalimu alituambia siku ya kuagana kwamba sasa kila jioni wao wawili hukaa mbele ya kompyuta, kijana akasoma jedwali kwa sauti na bibi akafuatisha kwa kidole katika daftari lake. Yakilingana, ndipo amri ya kuzima hutolewa, na hakuna ainukaye mpaka feni inyamaze.

Wassalaam.